Wimbo wa Gerezani Uliotorokea Redioni

Waulize wapenzi wa "Unchained Melody" wimbo huo umetoka kwenye filamu gani, na wengi watakujibu *Ghost* bila kupepesa macho. Watakusimulia na lile gurudumu la mfinyanzi, Demi Moore na udongo hadi viwikoni, Patrick Swayze kajibanza nyuma yake kifua wazi, mashine ya santuri ikizunguka pembeni. Jibu hilo limekosea kwa miaka 35. Na siwalaumu, maana filamu iliyouzaa wimbo huu ilikufa mapema, ikaacha mtoto ambaye hakuna anayemjua kwa jina la mamake.

Filamu hiyo inaitwa *Unchained*, ya mwaka 1955, kazi ya mwongozaji Hall Bartlett. Ni hadithi ya wafungwa. Ilipigwa ndani ya gereza la kweli huko Chino, California, ambako mkuu wa gereza, Kenyon Scudder, alikuwa ameanzisha jambo lililowashangaza wengi enzi zile: badala ya kuta ndefu, uzio tu ambao mwanamume mwenye afya angeweza kuuruka, na mfungwa kuachiwa dhamana ya nafsi yake. Scudder aliandika kitabu kuhusu jaribio hilo, na filamu ikatokana na kitabu. Mhusika mkuu aliigizwa na Elroy Hirsch, nyota wa mpira wa Kimarekani aliyeingia pia kwenye uigizaji, na filamu nzima inazunguka swali moja: aruke uzio akamfuate mkewe, au amalize kifungo chake?

Niliitafuta filamu hii kwa sababu ya wimbo, na nadhani yeyote anayeitafuta leo anaitafuta kwa sababu hiyohiyo. Si mbaya, ila ina mwendo wa filamu iliyotengenezwa kufundisha. Kisha inafika pale wafungwa wamejilaza kwenye vitanda vyao, mmoja anakung'uta gitaa, na mwenzao anaanza kuimba. Anaimba kipande tu. Hakuna okestra ya kumbeba, hakuna kilele. Wenzake wanasikiliza, nyuso zimewashuka, kila mmoja yuko mbali na pale alipolala. Wimbo unakwisha kabla hujakaa sawa, hadithi inaendelea.

Huyo mwimbaji ni Todd Duncan, na hakuwa mtu wa kuokotwa. Mwaka 1935 George Gershwin alipotafuta wa kuimba Porgy katika opera yake *Porgy and Bess*, alimchagua Duncan, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha muziki Chuo Kikuu cha Howard. Mwaka uliofuata opera hiyo ilipopelekwa National Theatre jijini Washington, Duncan na wenzake waligoma kupanda jukwaani mpaka watu weusi waruhusiwe kuketi humo pamoja na wengine. Walishinda. Mwaka 1945 akawa mtu mweusi wa kwanza kuimba na New York City Opera. Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye besi ya kati iliyokomaa kama ile, ndiye wa kwanza kuuimba wimbo ambao baadaye ungerekodiwa mamia kwa mamia ya mara. Na ndiye anayetajwa kwa uchache kuliko wote.

Muziki uliandikwa na Alex North. Kabla ya hapo alikuwa ameshaiandikia *A Streetcar Named Desire*, akiingiza jazi katika muziki wa filamu kwa namna ambayo Hollywood haikuwa imeizoea. Baadaye angeandika *Spartacus* na *Cleopatra*. Aliteuliwa kuwania Oscar mara 15 na hakuipata hata moja, mpaka mwaka 1986 walipompa tuzo ya heshima. Ndiyo, mmoja wa wateule hao ni wimbo huu.

Maneno yakaandikwa na Hy Zaret. Inasimuliwa kwamba North alipompigia simu kumwomba maneno, Zaret alijibu kuwa ana shughuli, anapaka rangi nyumba yake. Hatimaye akakubali, ila likaja ombi jingine: watengenezaji wa filamu walitaka jina la filamu litajwe ndani ya wimbo. Zaret akakataa. Akaandika habari za mtu aliyekaa muda mrefu bila kumwona ampendaye, muda unakwenda kwa kukokota, na hana hakika kama yule aliyeko mbali bado ni wake. Mito inakwenda baharini. Yeye anaomba asubiriwe. Basi. Hakuna gereza, hakuna mnyororo, hakuna mlinzi.

Hapa ndipo ninapoiona siri yote, na wengine wakitaka wabishe. Laiti Zaret angetii, tungekuwa na wimbo wa wafungwa, mzuri pengine, lakini uliofungwa pamoja nao. Kwa kukataa, aliandika jambo ambalo askari aliye kambini angeweza kuliimba, na baharia, na mjane, na kijana aliyeachwa kituoni. Jina tu ndilo lililobaki na alama ya gereza, na ndiyo maana linawachanganya watu hadi leo: wimbo unaitwa hivyo kwa kuwa ni melodia ya filamu ya jina hilo, si zaidi. Mwimbaji yeyote aliyeuchukua hakulazimika kubeba filamu nzima mgongoni.

Na waliuchukua kweli. Inafaa kukumbuka biashara ya muziki ilivyokwenda miaka hiyo. Siku hizi tunafikiri wimbo ni mali ya mwimbaji, na anayeurudia anaazima. Mwaka 1955 bidhaa ilikuwa wimbo wenyewe, na mwenye bidhaa alikuwa mchapishaji, aliyeupeleka kwa kampuni zote za santuri kwa pamoja akitumaini kila moja itampa mwimbaji wake. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilirahisisha mambo: wimbo ukisharekodiwa mara ya kwanza kwa idhini, mtu yeyote aliweza kuurekodi upya mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Hakuna kuomba, hakuna kubembeleza. Lipa, rekodi.

Kwa hiyo kabla vumbi la filamu halijatua, chati zilijaa. Les Baxter aliutoa na okestra na kwaya. Al Hibbler, kipofu tangu kuzaliwa, aliyepata jina akiimba na okestra ya Duke Ellington, akautoa wake. Roy Hamilton, kijana aliyelelewa kwenye nyimbo za kanisani, akautoa wake na kuongoza chati ya R&B. Wote hao walikuwa juu ya chati za Marekani kwa wakati mmoja, wimbo uleule, wakigombania wanunuzi walewale. Uingereza mambo yalikuwa makali zaidi: mwezi Juni Jimmy Young alishika nafasi ya kwanza, na kuna kipindi rekodi nne za wimbo huo zilikuwa ndani ya 20 bora, mojawapo ikiwa ya mpiga piano Liberace. Fikiria unafungua redio asubuhi na kuusikia kwa sauti nne kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka 1956 kwenye usiku wa Oscar aliyepewa kuuimba alikuwa Harry Belafonte. Ukashindwa na "Love Is a Many-Splendored Thing", ambao nao ni wimbo wa filamu uliouzwa na kundi jingine, The Four Aces. Ndiyo ilikuwa kawaida. Sinema zilizalisha melodia, wauza santuri wakavuna.

Nitoke pembeni kidogo. Kuna mtindo wa watu kusema kwamba rekodi ya kurudia ikitamba kuliko ya kwanza, basi ya kwanza imedhulumiwa. Wakati mwingine ni kweli, hasa pale mweupe alipochukua wimbo wa mweusi na redio zikamfungulia mlango uliofungwa kwa mwenzake; historia ya Marekani imejaa visa hivyo. Ila kwa nyimbo za filamu tatizo mara nyingi ni jingine. Muziki wa filamu una bwana wake, yaani picha. Unakatwa pale mhusika anapofungua mlango, unashushwa sauti ili mazungumzo yasikike. Max Steiner aliandika melodia ya mapenzi kwa *A Summer Place* ya mwaka 1959, ikawa inapitapita nyuma ya vijana wawili wakitazamana. Percy Faith akaitoa humo, akaipa mwanzo na mwisho, ikakaa namba moja Marekani wiki tisa mwaka 1960. Ennio Morricone aliandika mluzi ambao dunia nzima inaujua wa *The Good, the Bad and the Ugly*, lakini aliyeupeleka hadi namba mbili Marekani na namba moja Uingereza mwaka 1968 ni Hugo Montenegro, kwa rekodi aliyoitengeneza upya studio. Ya Morricone ni kali zaidi, hilo silijadili. Ya Montenegro ilitosha kwenye santuri ndogo, na santuri ndogo ndiyo iliyouzwa.

"Unchained Melody" ulikuwa na kasoro hiyohiyo. Ndani ya filamu ni kipande. Haujamaliza kusema. Waimbaji wa 1955 waliukamilisha kwa namna ya zama zao: vinanda vya nyuzi, sauti kubwa, machozi yaliyopimwa. Ungeweza kuishia hapo, ukahifadhiwa kwenye kabati la nyimbo za wazee pamoja na nyingine mia za mwaka huo.

Ukaingia mwaka 1965 na The Righteous Brothers. Ni waimbaji wawili, na licha ya jina lao si ndugu, tuliondoe hilo. Bill Medley ana sauti nzito ya chini, Bobby Hatfield ana sauti nyepesi ipandayo kama haijui kuna dari. Walikuwa chini ya Phil Spector, prodyuza aliyekuwa na mkono wa chuma, na tayari walikuwa wametikisa dunia na "You've Lost That Lovin' Feelin'". Katika wimbo huo Hatfield anasubiri muda mrefu Medley akiimba peke yake, na haikuwa siri kwamba kusubiri hakukumfurahisha. Makubaliano ya albamu yakawa kila mmoja apate wimbo wake wa kuimba peke yake. Medley amesimulia kwamba wote wawili waliutaka "Unchained Melody", wakarusha sarafu, Hatfield akashinda.

Medley anasema pia kuwa yeye ndiye aliyeisimamia rekodi hiyo, kwa kuwa Spector alishughulika na nyimbo za upande A tu, yaani upande mkuu wa santuri. Spector hakuwa na haja na upande B. Kwake ulikuwa mahali pa kutupia chochote, ili watangazaji wasije wakageuza santuri. "Unchained Melody" ukawekwa nyuma ya "Hung on You", wimbo wa Spector mwenyewe na Gerry Goffin na Carole King. Watangazaji wakageuza santuri. Upande uliotupwa ukapanda hadi namba nne Marekani, na nakala zilizochapishwa baadaye zikaanza kubeba jina la Spector kama prodyuza wa wimbo ambao mwanzoni lebo haikumtaja. Nakuachia uamue.

Sasa weka rekodi hiyo masikioni, kwa spika za masikioni kama unazo. Inaanza kwa noti zinazopanda na kushuka tatu tatu, taratibu, kama mtu anayetembea chumbani usiku. Hatfield anaingia chini, karibu ananong'ona. Ubeti wa kwanza anauimba kwa adabu yote, kila neno lina nafasi yake, na hapo hajakupa chochote ambacho Al Hibbler hakukupa. Kwenye sehemu ya mito na bahari, ngoma na nyuzi zinajaa, mwangwi wa studio unapanuka, naye bado anajizuia. Ubeti wa kwanza unarudi tena kwa maneno yaleyale. Ndipo anapofika pale mwimbaji anaposema anahitaji penzi, mahali ambapo kwa kawaida sauti hushuka, na Hatfield anakwenda juu. Juu kabisa, sauti inapasuka kidogo ikigeuka kuwa ile nyembamba, anaishikilia, na hairudi chini mpaka ameimwaga yote. Hakulikuta hilo kwenye karatasi ya North. Ni la kwake. Na inasemekana alipomaliza alitaka kurudia, hakuridhika, Medley akamkatalia.

Kijana wa miaka 24 alihamisha noti moja na wimbo ukabadilika maana. Duncan anaimba kama mtu aliyekubali kwamba siku ni nyingi. Waimbaji wa 1955 wanaimba kama watu wanaotuma barua nzuri. Hatfield anaimba kama mtu ambaye barua zimeisha. Kila aliyefuata baada yake ameingia mtegoni: ukiikwepa ile noti, wasikilizaji wanahisi umewapunja, ukiijaribu, unapimwa naye. Elvis Presley aliuimba jukwaani mwaka 1977, akipiga piano mwenyewe, mwili umeshamshinda, na hata yeye aliipandia. Aliipata, kwa gharama. Ile video ya onyesho lake la Rapid City, Marekani, mwezi Juni, wiki chache kabla ya kifo chake, siwezi kuitazama mara mbili siku moja.

Halafu *Ghost*, mwaka 1990, na hapa hadithi inakuwa ya fedha. Filamu ilivyolipuka, watu walimiminika madukani kutafuta rekodi ya 1965. Haikupatikana kirahisi kama singo, yaani nakala ya wimbo mmoja, katika muundo ambao wengi walikuwa wakinunua. Medley na Hatfield, wenye miaka 50 sasa, wakaingia studio kuurekodi upya kwa kampuni nyingine na kuutoa kwenye kaseti. Matokeo yake ni kituko ambacho sijui kama kimewahi kurudiwa: chati ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ilikuwa na rekodi mbili za wimbo mmoja, za watu walewale, zote ndani ya 20 bora. Ya zamani, iliyobebwa na redio, ilifika namba 13. Mpya, iliyobebwa na mauzo, namba 19. Walikuwa wanashindana na vijana waliokuwa wao wenyewe. Huko Uingereza, rekodi ya 1965 ilifika namba moja na kuwa singo iliyouzwa kuliko zote mwaka 1990.

Nani alikula? Zaret na North, kila mara. Chini ya sheria za Marekani, redio ya kawaida ikipiga wimbo humlipa mtunzi na mchapishaji. Aliyeimba halipwi kwa kupigwa huko. Kwa hiyo kila ile noti ya Hatfield ilipopaa kwenye gari la mtu fulani barabarani, senti zilikwenda kwa wale wawili walioandika wimbo wa wafungwa. Zaret aliishi hadi mwaka 2007, akafa wiki chache tu kabla ya kutimiza miaka 100. Kulikuwa na mtu mwingine aliyedai kwa miaka kwamba maneno ni yake, lakini mirabaha haikuhama njia. Wimbo uliokataa kutaja jina la filamu ulimlipa vizuri zaidi kuliko ambavyo filamu hiyo ingeweza kumlipa yeyote.

Waingereza hawakuuacha upumzike. Mwaka 1995 waigizaji wawili wa tamthilia ya televisheni ya wanajeshi, Robson Green na Jerome Flynn, waliuimba kwenye kipindi, watazamaji wakapiga simu madukani, na Simon Cowell, mtu wa kampuni ya santuri, akawaandama mpaka wakakubali kuurekodi. Wiki saba namba moja, nakala zaidi ya milioni 1.8. Mwaka 2002 Cowell yuleyule akiwa jaji, Gareth Gates aliyeshika nafasi ya pili kwenye shindano la *Pop Idol* akautoa, zaidi ya milioni moja tena. Ukijumlisha na Jimmy Young na The Righteous Brothers, ni rekodi nne tofauti zilizofika namba moja Uingereza. Za Cowell sina la kuzisifia. Zimesafishwa hadi hazina harufu, na ile noti inafikiwa kwa usalama wote kana kwamba kuna mkanda wa kiti. Lakini Gates alikuwa kijana wa miaka 17 mwenye kigugumizi kilichomfanya apigane na kila sentensi mbele ya kamera, na alipoimba kigugumizi kilitoweka. Naelewa kwa nini watu walinunua.

Swali ninaloulizwa nikianza habari hii ni rekodi ipi iliyo bora, na wanaouliza hutarajia niseme Hatfield. Kwa noti ile, ndiyo. Ila turudi kwenye orodha ya 1955 na kumwangalia Roy Hamilton vizuri. Alikuwa na "You'll Never Walk Alone" na "Ebb Tide" mwaka 1954, kisha "Unchained Melody" mwaka 1955. Tazama walichorekodi The Righteous Brothers katikati ya miaka ya sitini: "Unchained Melody", "Ebb Tide", "You'll Never Walk Alone". Hiyo si bahati nasibu. Walikuwa wanapita kwenye nyayo za Hamilton wimbo kwa wimbo, na kile tunachokiita rekodi ya kurudia ya 1965 ni kurudia kwa kurudia. Filamu ya gerezani iko hatua mbili nyuma. Hamilton alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 40 tu, kwa hiyo hakuwepo mwaka 1990 watu walipokuwa wanatafuta kaseti. Rekodi yake inapatikana kwa urahisi. Anaimba kwa kifua cha mtu aliyefunzwa kuijaza kanisa bila kipaza sauti, hapandi pale alipopanda Hatfield, na sijawahi kuhisi kuna kitu kimepungua.